Vibano vya Marehemu Gustave

Jumatatu, 8 Machi 1999

Aibu. Tena mbele ya watu. Daktari Makena amenirudishia raketi yake leo jioni, viwanja vya chuo vikiwa vimejaa. Niliitia nyuzi juzi tu. Akabonyeza nyuzi kwa kidole gumba, zikabonyea kama chandarua. Hakupandisha sauti. Makena ni mhadhiri, ni mtu wa Meru, ana adabu zake. Alisema tu kwamba yeye anacheza tenisi, havui samaki. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walicheka. Nikacheka nao. Sijui kwa nini.

Kosa si langu. Kosa ni la vibano. Naandika hapa ili siku moja ijulikane. Mashine yangu ya kutia nyuzi ni ya mezani, ndogo, imara. Unaingiza uzi, unaachilia mkono wa chuma, uzito unashuka na kuuvuta. Kuvuta inavuta vizuri. Shida ni kushikilia. Uzi ukishavutwa lazima ushikwe, usirudi nyuma wakati unavuta wa pili. Vibano vyangu ni vile vya kuelea. Havijafungwa popote, vinashika uzi mmoja kwa kung'ang'ania uzi wa jirani. Vinateleza. Navuta paundi hamsini na tano, zinabaki arobaini. Kitako cha mashine kina mifereji miwili ya kufungia vibano vya chuma, vile vinavyosimama. Mifereji ipo. Vibano havipo. Nimeuliza Durban nzima, hadi wenye maduka wananiona kwa mbali na kuingia stoo.

Makena akaongeza, kwa upole, kwamba zamani raketi zake alikuwa akizipeleka mtaa wa Sydenham kwa Mkongo mmoja, Gustave. Mashine yake ilikuwa kama hii yangu, ila yeye alikuwa na vibano vya chuma. Bahati mbaya amefariki. Mwezi uliopita, tarehe kumi na mbili.

Nilisema pole. Nilimaanisha pole. Lakini kabla ya pole lilipita neno jingine kichwani.

Vibano.

Jumatano, 10 Machi

Nimekwenda kuhani. Kuhani tu. Mtu anaruhusiwa kuhani.

Gustave nilimwona mara moja maishani, mwaka jana, kando ya uwanja. Aliitazama raketi niliyoitia nyuzi, akaniambia mafundo yangu yamelegea, akaenda zake. Dakika mbili. Kwa hiyo nilipanga kumwambia mjane kwamba nilimfahamu marehemu kidogo. Mlango ukafunguliwa, akatokea Mama Goreth mwenyewe, amevaa kitenge cheusi, macho yamevimba. Kinywa changu kikasema tulikuwa kama ndugu.

Basi. Alinishika mikono yote miwili. Alisema watu wa kanisa wamekuja, wenzake wa saluni anakofanya kazi wamekuja, lakini wa tenisi hajaja hata mmoja. Na Gustave alipenda tenisi kuliko chakula. Alikuwa ameanza kufikiri mume wake alicheza peke yake miaka yote hii. "Weye ndiye wa kwanza kukuya," alisema, kisha akalia.

Nikapewa kiti cha marehemu. Nikapewa fufu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi. Nikala vyote. Nilikuwa na njaa, hilo nalo liandikwe.

Mashine iko juu ya meza kando ya dirisha, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Alifunua ili nione. Vibano viwili vya chuma, vizito, meno yake mazuri, vimesimama wima kama askari. Bado vimeshika. Katika mashine kuna raketi ya Larissa, binti yao wa miaka kumi na sita, anayechezea shule yake. Gustave alikuwa amemaliza nyuzi za wima, akasema kifua kinabana, ajilaze kidogo kabla ya zile za mlalo. Hakuamka. Tangu hapo hakuna aliyegusa. Uzi wa mwisho alioutoa mkononi mwake bado umeshikwa vilevile.

Mtu mwema angeaga wakati huo. Mimi niliuliza vibano hivyo vilitoka wapi. Vilitoka Johannesburg, kwa Mzungu aliyekuwa akihama nchi.

Nikiwa mlangoni Mama Goreth akaniomba kitu kimoja. Misa ya siku arobaini ni Jumamosi tarehe ishirini na saba, halafu watu watakusanyika ukumbini. Anataka mimi nizungumze, kwa niaba ya marafiki wa tenisi. Nikajibu kwamba itakuwa heshima kubwa.

Marafiki wa tenisi! Ni mimi peke yangu, na mimi si rafiki.

Jumamosi, 13 Machi

Nimerudi Sydenham. Sababu rasmi: kumjulia hali mjane. Sababu nyingine: vipimo. Sikuthubutu kubeba rula, ingeonekana. Nikatumia kamba ya kiatu.

Mama Goreth alikuwa jikoni. Nikapiga magoti mbele ya meza, nikafunua kitambaa kidogo, nikaanza kupima upana wa kitako cha kibano. Ni uleule wa mfereji wangu! Nilitaka kuruka. Mara nyuma yangu sauti ikauliza ninafanya nini. Larissa. Mrefu, mkimya, amevaa sare ya michezo.

Nilisema ninamwombea baba yake.

Akanitazama. Kisha akaja akapiga magoti kando yangu, akafumba macho. Tukakaa hivyo muda mrefu. Nilisali kweli. Nilimwomba Mungu binti huyu asifumbue macho akaona kiatu changu hakina kamba.

Tasnifu yangu ya chuo: bado sura ya pili, ukurasa uleule wa Desemba.

Jumanne, 16 Machi

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Mpango ulikuwa wa kuazima. Kimoja tu. Nitoe kibano kimoja cha chuma, niweke kimoja changu cha kuelea mahali pake, nifunike kitambaa. Misa ikipita ningemweleza mjane polepole, pengine angeniuzia, pengine angenipa mwenyewe. Nani angefunua kabla ya hapo?

Larissa alikuwa shuleni. Mama Goreth aliona maziwa ya chai yangu yameisha, akashuka dukani. Alinikataza kabisa kumsindikiza, mgeni haendi dukani. Nikabaki peke yangu na mashine. Nikalegeza skrubu. Nikafungua meno ya kibano.

Uzi ulilia. Mara moja tu, ting, kama mtu aliyeguswa akiwa usingizini. Kisha ukajikunja, ukalegea, na wa jirani ukaufuata. Mkono wa Gustave ulikuwa umeushikilia zaidi ya mwezi mzima. Mimi niliuachia kwa sekunde moja.

Nikasikia viatu kwenye ngazi. Kibano changu cha kuelea sikupata hata nafasi ya kukitoa mfukoni. Kitambaa juu, cha chuma ndani ya koti, mimi kitini.

Alipika chai. Alinishika mkono, akasali kwa sauti, akamshukuru Mungu aliyemletea rafiki wa Gustave wakati yeye anaona giza. Kibano kilikuwa kinanichoma mbavuni. Aliona natoka jasho, akaenda kufungua dirisha. Lile la kando ya mashine. Nilifumba macho mpaka aliporudi.

Alhamisi, 18 Machi

Kimeingia. Bila kupiga nyundo, bila kupiga tupa. Kimeteleza kwenye mfereji kama kilizaliwa humo. Nimeitia upya nyuzi raketi ya Daktari Makena, dirisha wazi, tumbili mmoja wa huku kwetu Glenwood amekaa ukutani ananitazama. Kila uzi umebaki nilipouvuta. Nikipiga kwa ukucha unaimba. Miaka miwili nimengoja sauti hiyo.

Nilifurahi dakika arobaini hivi. Halafu nikakumbuka sauti ile nyingine.

Nilimrushia tumbili ndizi. Alikuwa ananitazama vibaya.

Ijumaa, 19 Machi

Makena amecheza seti mbili na raketi yake. Amekuja mwenyewe kunishika mkono, wale wa mwaka wa kwanza wakiwepo. Alisema ni kana kwamba imetoka kwa Gustave. Alisema hivyo hivyo, jina na yote. Akauliza nimefanyaje.

Nikamjibu kwamba ni mazoezi.

Nilirudi chumbani nikalala na viatu.

Jumapili, 21 Machi

Mama Goreth aliniita kwa chakula cha mchana. Alitaka nikutane na Papa Athanase. Huyu ana duka la simu kule South Beach, na alimfahamu Gustave tangu wakiwa vijana Bukavu. Mjane alitutambulisha kwa furaha: rafiki wa zamani na rafiki wa tenisi, hatimaye meza moja.

Athanase ni mtu mnene, mpole, anatafuna polepole. Aliniuliza Gustave na mimi tulikuwa tunacheza wapi. Nikasema hapa na pale. Aliniuliza nani alikuwa akishinda. Nikasema yeye, nikadhani nimejibu vizuri. Kisha akauliza, huku ananimiminia Fanta, eti ule mpira wake mkali ulikuwa unatoka mkono gani.

Nikasema wa kulia, kama watu wengi.

Athanase akaweka chupa chini. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya Gustave uwanjani, raketi mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekaa mbele ya picha hiyo mara nne.

Alinisindikiza hadi chini. Nilikuwa tayari kupigwa. Alisema hajui mimi ni nani na hana haja ya kujua. Anajua tu kwamba Goreth hakula kwa wiki tatu, alikuwa anakunywa maji na kulia. Tangu nianze kuja anapika kwa ajili yangu, na anayepika lazima aonje. Wiki hii ameanza kulala. "Sasa Jumamosi uzungumuze muzuri," alisema, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Afadhali angenipiga.

Jumatano, 24 Machi

Leo nilikwenda kurudisha. Naapa. Kibano kilikuwa mfukoni, nimekifunga kwenye leso. Nilipanga nimtume Mama Goreth maji ya kunywa, nikirudishe, kwisha.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi na sauti zilikuwa juu. Kitambaa kiko sakafuni. Larissa alitaka kuiona raketi yake kabla ya misa, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakuta kibano kimoja hakipo na nyuzi zimelala. Alimwita mama yake. Mama akaamini ni yeye. Nani mwingine? Nyumbani wako wawili. Alisema mambo ambayo sitayaandika yote. Alisema Larissa ameshindwa kumwacha baba yake apumzike hata siku arobaini.

Larissa alinigeukia mimi, maana mimi ndiye fundi. Alisema ametafuta chini ya meza, chini ya kabati, kila mahali. "Frère Nigel, si inaweza kulegea ikaanguka yenyewe? Mwambie mama, kaka."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika leso.

Nikasema, "Sina hakika."

Maneno mawili. Larissa akaingia chumbani akafunga mlango, bila kuubamiza. Mama Goreth akaketi kwenye kiti cha marehemu, akaniomba radhi. Mimi! Aliniomba mimi radhi kwa kelele za nyumbani kwake.

Nilitembea kwa miguu hadi Glenwood. Kwenye kila robot, zile taa za barabarani, nilisimama hata zikiwa za kijani.

Jumamosi, 27 Machi

Misa saa nne. Baada ya misa, ukumbini. Mama Goreth alikuwa ameleta picha ya Gustave, maua, na mashine yenyewe, imefunikwa, kwenye meza ya mbele. Watu kama sitini. Larissa alikaa mbali na mama yake, viti vitatu vitupu katikati.

Nilikuwa na karatasi nne. Niliandika vizuri, si kwa kujisifu. Kulikuwa na aya nzima kuhusu mkono wake wa kushoto. Nikasimama, nikasoma mstari wa kwanza: Gustave na mimi tulikuwa kama ndugu. Athanase aliitikia kwa kichwa, kunitia moyo. Mama Goreth alikuwa ameshaanza kutabasamu. Larissa alikuwa anatazama magoti yake.

Nikaweka karatasi chini. Nikatoa leso, nikaifungua, nikakiweka kibano mezani kando ya picha. Kiligonga meza kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

"Nilimfahamu Gustave dakika mbili," nilisema. "Aliniambia mafundo yangu yamelegea. Larissa hakugusa mashine. Ni mimi."

Halafu kutoka nyuma sauti moja ya chini ikaendelea kusema. Alikuwa jirani mmoja, anamtafsiria kwa Kizulu mwenye nyumba wa Mama Goreth, mama mtu mzima ambaye hajui Kiswahili. Tafsiri yake ilikuwa nyuma ya maneno yangu kwa sentensi tatu. Tukamsubiri wote. Alipofika mwisho, yule mama akasema, "Eish," na aibu ikanipata mara ya pili.

Mama Goreth aliinuka. Hakuja kwangu. Alikwenda hadi kwa Larissa, akakaa kwenye moja ya vile viti vitupu, akamwambia kitu sikioni. Larissa akalala begani kwake kama mtoto mdogo. Walikaa hivyo. Mimi nilibaki nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae, hakuna aliyeniambia nitoke.

Ndipo Mama Goreth akaja mbele, akavuta kile kitambaa cheupe, akanivutia kiti.

"Raketi haijaisha," alisema. "Kaa umalize."

Nikakaa. Nikarudisha kibano mahali pake. Nikavuta upya nyuzi nilizoziharibu, halafu nikaanza zile za mlalo, juu, chini, juu, chini, watu sitini wakila kunizunguka. Mimi sikupewa sahani. Larissa alisimama kando yangu muda wote, mikono amekunja. Fundo la kwanza alilitazama, akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia. Mara ya tatu akanyamaza. Uzi uliniponyoka mara mbili, watoto wakaja kutazama karibu. Vibano havikuteleza hata kidogo. Ningependa kuandika kwamba sikuliona hilo.

Nilipomaliza, Larissa aliipiga raketi kwa kiganja, akaisikiliza.

"Papa angeikata yote aanze upya," alisema. Akaigeuza upande wa pili, akapiga tena. "Lakini nitacheza nayo."

Athanase alibeba mashine hadi garini, na vibano vyote viwili. Nilidhani yameisha. Mlangoni Mama Goreth akaniwekea mikononi chombo cha plastiki cha aiskrimu, kimejaa sombe, bado ya moto. Alisema sijala.

Hakusema nirudishe chombo.

Jumatatu, 29 Machi

Nimebadilika. Nimeliona hilo nilipoamka. Nimefagia chumba, nimefungua tasnifu, nimesoma ukurasa mzima. Mashine iko juu ya meza na vibano vyangu vya kuelea. Nimevipaka chaki, vinateleza kidogo tu. Mtu hutumia alicho nacho. Sitatamani tena kifaa cha mtu, awe hai au awe amekufa. Nimeweka sahihi chini ya maneno hayo kwenye karatasi nyingine.

Mchana Daktari Makena alipita. Habari za Jumamosi zimemfikia, nilimwona anavyotafuta pa kutazama. Hakunilaumu. Nafikiri alitaka kunipa nafasi ya kufanya jambo jema. Alinieleza habari za mzee mmoja, Mwalimu Govender wa Overport, aliyefundisha tenisi miaka arobaini. Ameanguka bafuni akavunjika nyonga, amelazwa hospitali. Anaishi peke yake, watoto wako Kanada, hapati wageni. Nikasema masikini. Nilimaanisha masikini.

Alipokuwa anatoka akakumbuka kwamba mzee huyo naye alikuwa akitia nyuzi raketi zake mwenyewe. Mashine ya mezani. Vibano vya chuma, tena vile vinavyojifunga vyenyewe ukivigusa.

Sikuuliza kitu. Makena ni shahidi.

Saa za kuona wagonjwa zinaanza saa tisa alasiri. Nimenunua zabibu. Kumtembelea mgonjwa ni wajibu wa kila Mkristo, na mzee wa watu yuko peke yake. Kosa langu la mara ya kwanza nimelielewa vizuri sana, na sitalirudia: sitasema tulikuwa kama ndugu. Nitasema alinifundisha. Mtu aliyefundisha miaka arobaini hawezi kukumbuka sura zote.